Hofu ya kuachwa na hofu ya kudharauliwa: kutofautisha maradhi mawili ya haiba

Mtu akiwaka hasira bila kiasi, jamaa zake husema ana tabia mbaya. Wengine husema amerogwa au amepandwa na jini. Katika miaka ya karibuni, hasa miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, kumezuka jibu jingine: "Huyo ni narsisi." Neno hilo la kitabibu limetoka hospitalini likaingia sebuleni, na sasa linatumika kama tusi. Aghalabu anayeitwa hivyo hana maradhi hayo. Pengine hana maradhi yoyote. Pengine pia ana maradhi mengine kabisa, ambayo yana tiba inayojulikana, na ambayo yanaweza kuhatarisha maisha yake asipoipata.

Juma hili tunaangalia maradhi mawili ya haiba, yaani matatizo yanayogusa namna mtu anavyojiona nafsi yake, anavyohisi na anavyoishi na wenzake, si kwa siku moja bali kwa miaka mingi. La kwanza ni tatizo la haiba ya kujitukuza, ambalo madaktari hulihusisha na neno narsisizimu. La pili ni tatizo la haiba ya mpakani, ambalo katika hospitali za Marekani utalisikia likiitwa bodalaini. Kwa mtu wa nje maradhi hayo mawili hufanana sana, lakini chanzo cha maumivu yake si kimoja, hatari zake si moja na tiba zake si moja.

Ugomvi mmoja, nyumba mbili

Tuanzie Euless. Huu ni mji wenye wakazi wapatao 60,000 katika kaunti ya Tarrant, jimbo la Texas, katikati ya majiji ya Dallas na Fort Worth. Sehemu ya uwanja mkubwa wa ndege wa Dallas Fort Worth imo ndani ya mipaka ya mji huo, na tangu uwanja ulipofunguliwa mwaka 1974 kazi zake zimewavuta wahamiaji kutoka pande nyingi za dunia. Watonga kutoka Bahari ya Pasifiki ndio wanaojulikana zaidi mjini hapo. Katika miji ya eneo hilo wamo pia Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongomani, wengi wao wakiishi kwa zamu za usiku, mbali na wazazi na wazee ambao kwao ndio waliokuwa wakisuluhisha ugomvi wa nyumbani.

Tuchukue mfano ambao si wa watu halisi, bali umetungwa ili kufafanua jambo. Familia mbili zinaishi katika jengo moja la nyumba za kupanga. Usiku mmoja mke wa nyumba ya kwanza na mume wa nyumba ya pili wanachelewa saa mbili kurudi kutoka kazini. Barabara nambari 183 imezibwa na ajali, na simu zao zimeishiwa chaji.

Katika nyumba ya kwanza, mume amepiga simu mara thelathini. Akilini mwake hamna ajali wala msongamano wa magari. Mna wazo moja tu, kwamba ameachwa. Mke anapofungua mlango anapokewa kwa makelele, kwa tuhuma za kuwa na mwanamume mwingine na kwa sahani iliyorushwa ukutani. Robo saa baadaye mume yuko sakafuni akilia, anaomba radhi, anajiita takataka, na anasema ni heri afe kuliko kuachwa.

Katika nyumba ya pili, mke ni mwenyekiti wa kamati ya harambee, na jioni hiyo wajumbe walikuja kumpongeza. Kiti cha mume kilikuwa kitupu. Naye mume anapofungua mlango anapokewa kwa makelele na kwa sahani iliyorushwa ukutani. Lakini maneno ni mengine: "Umeniaibisha mbele ya watu. Unajua mimi ni nani?" Robo saa baadaye hakuna machozi. Kwa siku nne mke hatasema neno mpaka aombwe radhi mbele ya wajumbe wale wale, na habari ya ajali haitamgusa hata kidogo.

Jirani wa ghorofa ya juu amesikia kelele mbili na sahani mbili, na hawezi kuzitofautisha. Daktari naye hatajua maradhi kwa kusikia kelele. Atauliza kabla ya hasira kulikuwa na hofu gani, na baada ya hasira kulifuata nini. Tena atauliza kama mambo hayo yamekuwa yakitokea tangu ujana, kwa sababu usiku mmoja, hata uwe mbaya namna gani, hauthibitishi maradhi ya haiba.

Madaktari waliokuwa wakimbizi

Kuchanganywa kwa maradhi haya kuna historia yake, na sehemu ya historia hiyo inaishia Texas. Mwaka 1938 daktari Adolph Stern wa New York alieleza kundi la wagonjwa waliokuwa wakiwatatiza waganga. Hawakuwa wenye wahaka wa kawaida, wala hawakuwa wamepotewa na akili kwa kusikia sauti na kuona yasiyokuwapo. Akawaita watu wa mpakani. Jina hilo limebaki hadi leo, ingawa wataalamu wengi hawaamini tena kuwa maradhi hayo yako mpakani mwa kitu chochote.

Daktari aliyeyafafanua zaidi ni Otto Kernberg, aliyezaliwa Vienna mwaka 1928 na ambaye familia yake ilikimbilia Chile mwaka 1939 kukwepa mateso ya Wanazi. Mwaka 1967, alipokuwa akifanya kazi katika kliniki ya Menninger mjini Topeka, jimbo la Kansas, alichapisha makala mashuhuri kuhusu mpangilio wa nafsi ya mpakani. Baadaye aliandika pia kuhusu kujitukuza kunakofikia kiwango cha ugonjwa, na akayaona matatizo hayo mawili kama ndugu. Kwa maoni yake, wengi wa wanaojitukuza wamejenga ukuta wa fahari juu ya msingi ule ule uliopasuka.

Mwenzake Heinz Kohut, naye mzaliwa wa Vienna aliyekimbia mwaka 1939 na hatimaye kuishi Chicago, hakukubaliana naye. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, Kohut alisema kuwa anayejitukuza ni mtu aliyekosa utotoni jicho la kumtazama na kumthamini, na kwamba anahitaji kueleweka kabla ya kukosolewa. Ubishi huo haujamalizika. Kliniki ya Menninger yenyewe ilihama Kansas mwaka 2003 na kwenda Houston, takriban kilometa 400 kusini ya Euless, ambako inashirikiana na chuo cha tiba cha Baylor. Katika jiji hilo hilo, Profesa Carla Sharp wa Chuo Kikuu cha Houston amekuwa akichunguza namna maradhi ya haiba yanavyojitokeza kwa vijana.

Maradhi yote mawili yaliingia rasmi katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980. Katika mwongozo huo kila moja limeorodheshewa dalili tisa, na mtu huhesabiwa kuwa na maradhi anapokuwa na tano au zaidi. Hesabu hiyo ina maana kwamba watu wawili wanaweza kupewa jina moja la ugonjwa na bado wasifanane sana. Mbali na hayo, hasira na uhusiano unaovunjika vinaweza kuonekana katika pande zote mbili.

Mambo matano ya kutazama

Jambo la kwanza ni hofu. Mwenye haiba ya mpakani huogopa kuachwa, hata pale ambapo hakuna anayetaka kumwacha. Ujumbe wa simu usiojibiwa unaweza kumwingiza katika kiwewe. Mwenye haiba ya kujitukuza huogopa kushushwa hadhi. Anaweza kuishi na upweke, lakini hawezi kustahimili kuonekana wa kawaida. Ukimkosoa, hata kwa upole, anasikia tusi.

Jambo la pili ni namna anavyojiona. Wa kwanza hana sura moja ya nafsi yake. Leo anataka kuwa muuguzi, mwezi ujao mhubiri, mwezi unaofuata anaacha yote, na mara nyingi husema ndani yake anahisi utupu. Wa pili ana sura moja kubwa anayoilinda usiku na mchana. Yeye ni wa pekee, anastahili kutangulizwa, na wanaomzunguka wana wajibu wa kulithibitisha hilo. Sura hiyo huhitaji kulishwa sifa kila mara, na sifa zikikoma hunyauka.

Jambo la tatu ni yanayofuata baada ya hasira. Kwa mwenye haiba ya mpakani, hasira hufuatwa na aibu, majuto na kujichukia. Hisia zake hupanda na kushuka kwa saa chache. Hapo ndipo anapotofautiana pia na mwenye maradhi ya bipola, ambaye furaha au huzuni yake iliyopindukia hudumu kwa siku au majuma. Kwa anayejitukuza, hasira hufuatwa na dharau, ukimya wa kuadhibu au hoja ndefu ya kuonyesha kuwa mkosaji ni mwingine.

Jambo la nne ni namna anavyowaona wenzake. Mwenye haiba ya mpakani anaweza kumwona mtu yule yule malaika asubuhi na adui jioni, nawe ukadhani amesahau wema wote uliomtendea. Lakini anamhitaji mtu huyo kweli, na huumia kwa ajili yake. Anayejitukuza huwapima watu kwa faida. Anayemwinua humkaribisha, na asiye na la kumpa humpita kama kiti. Si kwamba hawezi kuelewa mwenzake anahisi nini. Mara nyingi anaelewa vizuri, ila maumivu hayo hayamsukumi kubadili mwendo wake.

Jambo la tano ndilo zito zaidi, nalo ni hatari ya kifo. Kujidhuru na kutaja kujiua ni miongoni mwa dalili tisa za haiba ya mpakani, na vifo kwa kujiua ni vingi zaidi miongoni mwa wenye maradhi haya kuliko kwa watu wengine. Mwongozo wa madaktari katika miaka ya nyuma ulitaja kiwango cha kati ya asilimia 8 na 10. Kwa hiyo usemi kwamba "anatishia tu ili aonewe huruma" ni usemi wa hatari. Anayejitukuza hatishii mara kwa mara. Hatari yake hupanda ghafla anapoanguka: anapofukuzwa kazi, anapofikishwa mahakamani au anapoaibika hadharani. Naye huenda asimwambie mtu yeyote.

Palipo na utata

Je, orodha hiyo inatosha kumpima mtu? Haitoshi, na ziko sababu kadhaa.

Kwanza, si kila anayejitukuza ana kelele. Mwaka 1989 daktari Glen Gabbard, ambaye baadaye alifundisha Houston, aliandika kuhusu aina mbili za watu hao. Mmoja hujigamba na hatambui anavyowaathiri wengine. Wa pili ni mnyamavu, mwenye haya, anayesikiliza kila neno akitafuta ndani yake dharau. Huyu wa pili, akijifungia chumbani kwa sababu ya neno dogo, hufanana mno na mwenye haiba ya mpakani. Kinachomtambulisha ni kwamba nyuma ya haya yake kuna imani ya siri kuwa ulimwengu umeshindwa kuona ukubwa wake.

Pili, maradhi yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja. Uchunguzi mkubwa uliofanywa nchini Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2008, uliwahoji watu wazima wapatao 35,000 na ukaona kuwa mara nyingi maradhi haya huandamana. Uchunguzi huo ulikadiria kuwa takriban asilimia 6 ya watu huwa na tatizo la haiba ya mpakani katika maisha yao, na idadi inayokaribiana na hiyo kwa haiba ya kujitukuza. Chunguzi nyingine zimetoa viwango vya chini zaidi.

Uchunguzi huo ulitikisa pia imani moja ya zamani. Hospitalini wengi wanaoambiwa kuwa wana haiba ya mpakani ni wanawake, lakini katika jamii wanaume na wanawake walionekana kukaribiana. Maana yake ni kwamba mwanamume mwenye maradhi hayo anaweza kupita bila kutambuliwa, akaitwa mkorofi tu. Mwaka 2011 Brandon Marshall, aliyekuwa akiichezea timu ya kandanda ya Kimarekani ya Miami Dolphins, alitangaza hadharani kwamba ana maradhi hayo na kwamba alitibiwa katika hospitali ya McLean, karibu na Boston. Katika mji kama Euless, ambako timu ya vijana ya shule ya sekondari ya Trinity ni fahari ya mji mzima, tangazo la mchezaji kama huyo lina uzito ambao kitabu cha daktari hakina.

Tatu, yako mambo yanayofanana na maradhi haya na ambayo si maradhi haya. Mkimbizi aliyetoka Kivu au Ituri, ambaye alikuwa mtulivu hadi vita vilipomkuta akiwa na miaka 30, na ambaye sasa hushtuka, hulipuka kwa hasira na haamini mtu, huenda ana majeraha ya akili yatokanayo na vita. Maradhi ya haiba huanza kuonekana ujanani. Hayamzukii mtu mzima kwa mara ya kwanza baada ya msiba. Kadhalika, kupenda cheo na kuitwa "mheshimiwa" katika hafla si ugonjwa. Ni desturi yetu, na anayepewa heshima hiyo anaweza kuwa mtu mwenye huruma nyingi nyumbani kwake. Kinyume chake pia ni kweli. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na mtu anayesifiwa na jumuiya nzima anaweza kuwa mzigo mzito kwa mke, mume au watoto.

Maradhi haya hutokana na nini? Chunguzi za mapacha zinaonyesha kuwa urithi wa kimaumbile una nafasi yake, ikiwamo katika haiba ya mpakani. Wengi wa wagonjwa hao waliteswa au kutelekezwa utotoni, ingawa si wote. Kuhusu kujitukuza, watafiti waliofuatilia watoto 565 nchini Uholanzi walitoa mwaka 2015 matokeo ya kuwafikirisha wazazi. Watoto waliokuwa wakiambiwa kuwa ni bora kuliko wenzao ndio waliozidi kujitukuza kadiri muda ulivyopita. Waliopewa upendo na ukaribu walipata kujiamini, si kujitukuza.

Tiba si moja

Hapa ndipo kosa la kuchanganya majina linapogharimu. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa nchini Marekani mahsusi kwa maradhi yoyote kati ya haya mawili. Dawa hutolewa kwa ajili ya sonona, wahaka au ukosefu wa usingizi unaoandamana nayo. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo.

Kwa haiba ya mpakani, ziko tiba zilizojaribiwa kisayansi. Inayojulikana zaidi iliasisiwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliyechapisha matokeo ya jaribio lake la kwanza mwaka 1991. Mgonjwa huonana na mtaalamu peke yake, na vilevile huhudhuria darasa la pamoja ambako hufundishwa stadi nne: kutulia na kutambua kinachotendeka ndani yake, kustahimili dhiki bila kujidhuru, kuongoza hisia zake, na kuomba au kukataa jambo bila kuvunja uhusiano. Mwaka 2011 Bi Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alipokuwa msichana alilazwa hospitalini kwa muda mrefu kwa sababu ya kujidhuru. Tiba inayotumika leo katika nchi nyingi ilitungwa na mtu aliyeyajua mateso hayo kwa mwili wake.

Matumaini hayo yanaungwa mkono na takwimu. Profesa Mary Zanarini na wenzake wa hospitali ya McLean waliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2010, baada ya miaka kumi zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamepata nafuu iliyodumu angalau miaka miwili, na takriban nusu walikuwa wamepona kiasi cha kufanya kazi na kuwa na uhusiano mzuri na watu. Hayo si maradhi ya kumfanya mtu akatiwe tamaa.

Kwa haiba ya kujitukuza hali ni tofauti. Hakuna tiba iliyothibitishwa kwa majaribio makubwa, na mgonjwa mwenyewe ni nadra kwenda hospitalini akisema ana tatizo hilo. Huenda kwa sababu ya sonona, ulevi au ndoa inayovunjika. Mtaalamu huhitaji subira ya miaka ili kumfanya aone aibu iliyofichwa nyuma ya fahari, bila kumdhalilisha wala kumsifu uongo. Wako wanaobadilika, lakini hubadilika polepole. Anayemngoja mwenziwe abadilike anastahili kulijua hilo mapema.

Wazee, mahakama na mkalimani

Jamii zetu zina njia zake za usuluhishi, na njia hizo zimeokoa ndoa nyingi. Hata hivyo, wanaosuluhisha wanapaswa kutambua kwamba adhabu moja inaweza kuwa na athari mbili. Mwenye haiba ya mpakani akitengwa na ndugu ili "apate funzo", anatupwa ndani ya hofu ile ile inayomwumiza, na hatari ya kujidhuru inaongezeka. Kwake kinachofaa ni msimamo usioyumba: tutakuwa nawe, lakini kupigana hatutakubali. Anayejitukuza akikemewa mbele ya kikao kizima, yaelekea ataondoka na kisasi na si funzo. Kwake inafaa zaidi kuzungumza faraghani, kwa heshima, na kwa kutaja mipaka iliyo wazi pamoja na matokeo ya kuivuka.

Jambo moja halibadiliki kwa ugonjwa wowote. Kipigo ni kipigo. Wengi wenye maradhi haya hawampigi mtu, na anayempiga mwenziwe hapati udhuru kwa kuwa na jina la ugonjwa. Mwenye kupigwa hahitaji kwanza kujua kama mwenziwe ni wa mpakani au anajitukuza ndipo aondoke. Nchini Marekani simu ya taifa ya kuwasaidia wanaoteswa majumbani ni 1-800-799-7233. Kwa anayefikiria kujiua, au anayemwogopea mtu wake, nambari ni 988, iliyoanza kutumika nchi nzima Julai mwaka 2022. Palipo na hatari ya papo hapo, nambari ni 911. Wakazi wa Euless wanaweza pia kuanzia katika huduma za umma za afya ya akili za kaunti ya Tarrant, na wale wa Houston katika zile za kaunti ya Harris.

Anayekwenda hospitalini na hajui Kiingereza vizuri aombe mkalimani, ambaye hulipwa na hospitali, si na mgonjwa. Asimtumie mtoto wake. Si haki mtoto wa miaka kumi atafsiri maneno ya mama yake kwamba anatamani kufa. Na mama, akimwona mtoto, hatayasema. Mgonjwa naye afafanue maneno yake. Mswahili husema "moyo unaniuma" au "roho imekuwa nzito", na daktari asiyejua lugha anaweza kumpeleka kupimwa mapigo ya moyo. Ni afadhali aseme wazi: ninahisi utupu, ninaogopa kuachwa, nimefikiria kujiua, na jambo hilo limeanza tangu mwaka fulani.

Anayerejea nyumbani Afrika Mashariki na karatasi za hospitali za Marekani ajue pia kwamba majina yanaweza kutofautiana. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari mwaka 2022, umeacha orodha ndefu ya aina za maradhi ya haiba. Sasa daktari hupima kwanza uzito wa tatizo, kisha hutaja sifa zake. Sura ya mpakani imebakizwa, lakini kujitukuza hakuna fungu lake lenyewe. Huo si ushahidi kwamba daktari wa kwanza alikosea.

Sheria nazo zinabadilika. Nchini Kenya, Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kilikwenda kinyume na katiba. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyenusurika angeweza kuamka akiwa na mashtaka. Kwa wenye haiba ya mpakani na jamaa zao, uamuzi huo unapunguza sababu moja ya kuficha.

Msikilizaji mpenzi, mwenzio atakapolipuka tena, huna wajibu wa kumpa jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari, tena baada ya vikao kadhaa. Unachoweza kufanya ni kutazama na kukumbuka: alikuwa akiogopa nini, alifanya nini hasira zilipopoa, na mambo haya yalianza lini. Ukifika kwa mtaalamu na majibu ya maswali hayo matatu, utakuwa umemsaidia mgonjwa kuliko kwenda na neno lililosikika mitaani. Na ikiwa katika majibu hayo limo neno la kutaka kufa, usingoje miadi. Piga simu leo.